MAJI YA KUNYWA HUANZIA SHAMBANI



Tumezoea kuzungumza hapa juu ya magonjwa na dawa zake. Mwezi huu nawaomba mnivumilie, maana nitaanza mbali kidogo na hospitali, huko juu mlimani kwenye mashamba ya mahindi na migomba, kisha tuteremke pamoja na maji mpaka kwenye mtungi wa nyumbani na kwenye kitanda cha wodi ya watoto.

Sababu ni mkutano wa siku tatu niliohudhuria mjini Morogoro baada ya mavuno. Waliokutana wote walikuwa watu wa kufundisha: walimu wa shule za msingi, makatekista, mabwana shamba na mabibi shamba, mabwana afya, masista wa zahanati, na akina mama wa WAWATA kutoka parokia za milimani na za bondeni. Shabaha ilikuwa tufahamiane, na kila mmoja aeleze anafundisha nini juu ya ardhi na maji. Hotuba zilikuwa nyingi, kama kawaida ya mikutano yetu, na chai ilichelewa. Lakini jambo moja lilijitokeza tangu asubuhi ya kwanza, nalo latosha kuandikiwa makala.

Sote tunafundisha watu walewale katika vijiji vilevile, na kila mmoja anafundisha kipande chake bila kujua cha mwenzake. Mwalimu anachora ubaoni safari ya maji: bahari, mvuke, wingu, mvua. Bwana shamba anahimiza makinga maji. Muuguzi anasema, chemsheni maji. Katekista anafundisha juu ya Mungu Muumba na viumbe vyake. Hakuna aliyemwambia mama wa kijijini kwamba tope lililotulia chini ya ndoo yake ni udongo wa shamba la kaka yake aliye juu, na kwamba udongo huo hausafiri peke yake.

TOPE HUBEBA NINI?

Milima ya Uluguru, hasa upande wa mashariki, hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Huko ndiko unakoanzia mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa na sehemu kubwa ya wakazi wa Dar es Salaam kupitia mitambo ya Ruvu Juu, ulioanza mwaka 1959, na Ruvu Chini, ulioanza mwaka 1976. Mito mingine ya milima hiyo huingia Ngerengere na bwawa la Mindu, lililojengwa miaka ya 1980 kwa ajili ya mji wa Morogoro. Kwa hiyo anayelima Matombo au Mgeta, hata kama hajafika Dar es Salaam maisha yake yote, ana neno la kusema juu ya maji ya mtoto wa Kinondoni.

Penye msitu au majani mengi, tone la mvua huangukia jani, huteremka polepole, huzama ardhini na kutokea siku nyingi baadaye kwenye chemchemi likiwa limechujwa. Penye shamba lililochomwa moto mwezi wa tisa na kuachwa uchi, tone hugonga udongo moja kwa moja, udongo huziba vijitundu vyake, na maji badala ya kuzama hukimbia. Yakikimbia huzoa kila kilicho njiani: udongo wenyewe, kinyesi cha nguruwe na mbuzi, kinyesi cha watu waliojisaidia vichakani, mbolea, na dawa ya kuulia wadudu iliyopuliziwa juzi kwenye kabichi.

Ndiyo maana mvua za kwanza ni za hatari kuliko zile za katikati ya masika. Uchafu wa miezi mingi ya kiangazi huteremka kwa siku mbili au tatu. Muuguzi yeyote wa wodi ya watoto hahitaji kalenda kujua mvua zimeanza. Huona vitanda vimejaa watoto wanaoharisha, macho yameingia ndani, ngozi ukiifinya hairudi upesi. Duniani kote kuharisha bado kunaua watoto zaidi ya laki nne walio chini ya miaka mitano kila mwaka. Wakubwa nao hupata homa ya matumbo, amiba, na kipindupindu kikiingia. Wengi wetu tunakumbuka kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015, jinsi kilivyofika mikoa mingi, Morogoro ukiwa mmojawapo wa ile iliyoumia sana.

Tope lina ubaya mwingine ambao watu wengi hawaujui. Huwaficha vijidudu. Ukitia dawa ya klorini katika maji ya matope, nguvu ya dawa huishia kwenye tope kabla ya kuwafikia vijidudu wenyewe. Mama ametia dawa, ana hakika maji yake ni salama, na mtoto bado anaharisha. Halafu jirani anasema, dawa za siku hizi hazifai kitu. Dawa inafaa. Ilikosa maji maangavu ya kufanyia kazi.

Na kuna vitu ambavyo kuchemsha hakuviondoi kabisa. Dawa za wadudu, mbolea, na zebaki wanayotumia wachimbaji wadogo wa dhahabu mitoni haziuawi kwa moto, kwa kuwa hazina uhai. Ukichemsha muda mrefu maji hupungua, vitu hivyo vinabaki. Hapo muuguzi hana la kufanya jikoni kwako. Kazi yote iko shambani na machimboni.

SOMO LA MATOMBO

Jioni ya kwanza mwalimu mmoja mstaafu alisimulia jambo ambalo vijana wengi waliokuwepo hawakuwahi kulisikia. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi katika Uluguru. Wataalamu waliona udongo unavyomomonyoka, na katika hilo walikuwa sahihi. Wakaamuru watu wachimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko, wakakataza kuchoma moto, na asiyetii aliadhibiwa. Lakini matuta yale yalifukua udongo wa chini usio na rutuba na kuuweka juu, mavuno yakapungua, na hakuna aliyekwenda kuwauliza akina mama waliokuwa wakilima. Mwaka 1955, mwaka mmoja baada ya kuundwa TANU, watu walikusanyika Matombo kwa hasira, vurugu zikatokea, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa.

Kwa maoni yangu habari hii yapaswa kusimuliwa kwa kila afisa anayeteuliwa kwenda kufundisha milimani, kabla hata hajapewa pikipiki. Mafundisho yalikuwa na ukweli ndani yake, na bado yakazaa chuki iliyodumu. Wapo wazee ambao hadi leo wakisikia neno matuta hukunja uso.

Kuna jambo jingine la Uluguru ambalo mgeni haoni upesi. Ardhi hufuata ukoo wa mama. Mwanamume analima shamba la ukoo wa mkewe, au kijana ameazimwa kipande na mjomba. Akipanda miti, watu wataona anataka kujimilikisha. Kumwambia mtu wa namna hiyo apande miti hamsini ni kumtafutia kesi. Ni lazima wakubwa wa ukoo wakae kwanza, na katekista, ambaye kwa kawaida anazijua koo zote za kigango chake, anaweza kusaidia hapo kuliko bwana shamba mwenye diploma.

Mfano wa njia nyingine upo, na upo hapohapo. Katika kata ya Kibungo Juu, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango uliofikia mwisho mwaka 2012, ambapo mashirika ya chini yanayotumia maji, ikiwemo DAWASCO iliyokuwa ikigawa maji Dar es Salaam wakati huo, yalichangia fedha za kuwalipa wakulima wa juu waliotengeneza matuta, fanya juu, na kupanda miti na mananasi kwa kufuata mistari ya kontua. Malipo yalitegemea eneo na aina ya kazi. Fedha zenyewe hazikuwa za kumtajirisha mtu. Lakini jambo lilikuwa la haki: anayekunywa anachangia jasho la anayetunza. Udhaifu wake ni ule wa miradi yote yenye tarehe ya mwisho, kwamba mradi ukifunga ofisi mkulima anabaki na matuta ya kukarabati kila mwaka kwa jembe lake mwenyewe. Yanayodumu ni yale ambayo yanampa chakula au maziwa. Kule Mgeta mbuzi wa maziwa wa Norway walioletwa miaka ya 1980 wamefanya wakulima wapande majani ya malisho kwenye kingo za matuta, kwa sababu mbuzi aliyefungiwa bandani anahitaji majani kila siku. Majani yanashika udongo, mbuzi anatoa samadi, na mtoto anapata maziwa. Hakuna aliyehitaji kulazimishwa.

SWALI LA BIBI

Siku ya pili tulizungumzia sheria. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Bwana shamba mmoja alieleza vizuri sana, kwa kamba yenye mafundo, jinsi ya kupima mita hizo.

Bibi mmoja wa WAWATA aliomba kusema. Akasema, “Wanangu, nimewasikia. Mnasema tusilime mtoni. Mwezi wa kumi huko juu kumekauka, mchicha na matembele nitayatoa wapi? Na huyu muuguzi wenu ndiye kila siku ananiambia nimpe mjukuu mboga za majani.”

Watu walicheka, lakini bibi hakuwa anachekesha. Bustani za mtoni wakati wa kiangazi ndizo zinazowapa watoto wetu vitamini A na madini ya chuma, na ndizo zinazompatia mama fedha za sare za shule. Ukizifuta kwa amri, utapunguza tope na kuongeza utapiamlo, na mimi nitawapokea wodini hao hao kwa jina jingine. Ukiziacha kama zilivyo, kingo za mto zinabomoka, maji ya bomba la dawa yanamwagwa mtoni, na kijiji cha chini kinakunywa.

Tulibishana mchana wote. Wengine walishikilia sheria ifuatwe neno kwa neno. Mimi naona sheria ni nzuri, lakini kumwondoa bibi mtoni kabla hajaonyeshwa pa kulima ni Matombo nyingine ndogo. Kijiji kimoja kilieleza kilivyofanya: bustani zimerudishwa nyuma hatua kwa hatua, mwaka wa kwanza zimeachwa mita chache za ukingo zilizopandwa matete na migomba, na karibu na kila nyumba yamechimbwa mashimo ya mboga yanayomwagiliwa maji yaliyokwisha kuoshea vyombo. Bado hawajafika mita 60. Wanaendelea.

Jambo ambalo halikuwa na ubishi ni dawa za wadudu. Usioshe bomba la kupulizia mtoni hata siku moja. Usitumie kopo la dawa kuwekea maji, mafuta wala pombe, hata ukilisugua kwa majivu mara kumi. Litoboe lisitumike tena. Mtu aliyepulizia dawa akianza kutoka mate na jasho jingi, macho yenye mboni ndogo, misuli kutetemeka na kupumua kwa shida, mvueni nguo, mwosheni kwa maji mengi na sabuni, na mkimbizeni hospitali mkiwa na kopo au karatasi ya dawa aliyotumia. Msimpe maziwa wala msimtapishe.

MAKOPO MAWILI NA CHUPA MOJA

Katika yote tuliyofundishana, lililowafurahisha walimu zaidi ni onyesho lisilo na gharama. Chukua madumu mawili ya plastiki ya lita tano, yakate ubavuni kama masanduku. Jaza udongo. Moja liache tupu, jingine pandikiza majani yaliyong’olewa na udongo wake. Yaegemeze yote kwa mteremko uleule, weka kopo chini ya kila mdomo, kisha mwagilia maji sawasawa kwa kopo lililotobolewa matundu. Kopo moja litajaa uji wa tope, jingine maji machache yaliyo karibu kuwa maangavu. Darasa la tatu wanaelewa bila maelezo. Wazazi wao pia, nimeshuhudia Jumapili moja baada ya Misa.

Mwezeshaji mmoja alituambia kwamba hata Marekani, Chuo Kikuu cha Connecticut kilianza mwaka 1991 kuwafundisha viongozi wa miji, kwa kutumia ramani, jinsi matumizi ya ardhi yanavyoharibu maji, na waelimishaji wa majimbo mengine wakajiunga nao katika mtandao. Kwao adui mkubwa ni lami, saruji na mapaa, maana penye vitu hivyo maji hayazami. Wataalamu wao wameona kwamba eneo la bonde likifunikwa kiasi cha asilimia 10 hivi, kijito huanza kudhoofika. Nilipotoka nje jioni na kutazama jinsi mji wa Morogoro unavyopanda mlimani, niliona hilo nalo linatuhusu.

Sasa nyumbani. Jaza maji katika chupa angavu ya plastiki, isimamishe juu ya jalada la gazeti hili, na tazama kutoka mdomoni hadi chini. Ukiweza kusoma herufi kubwa za jina la gazeti, maji yako yana uangavu wa kutosha kutibiwa. Usipoweza, yatulize kwanza tangu jioni hadi asubuhi, yamimine polepole bila kutibua, na chuja kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne.

Wenye mti wa mlonge wana msaada mkubwa. Menya mbegu zilizokomaa na kukauka, zitwange ziwe unga, koroga na maji safi kidogo, chuja kwa kitambaa, kisha mimina katika maji ya matope. Kwa tope la wastani mbegu moja yatosha lita 2. Kwa tope zito mbegu moja kwa lita 1. Koroga kwa nguvu dakika moja, halafu polepole dakika tano, acha yatulie saa moja au mbili. Tope litashuka. Maji hayo yameangaa, lakini hayajawa salama bado. Ni lazima yachemshwe au yatiwe klorini kama karatasi ya dawa inavyoelekeza, na kusubiriwa nusu saa.

Juu ya kuchemsha, wengi wamezoea kuacha sufuria ichemke dakika 10 au 20. Haihitajiki. Maji yakishachemka kwa nguvu, dakika moja inatosha. Kwa wanaoishi juu zaidi ya mita 2,000, dakika tatu. Hesabuni wenyewe mizigo ya kuni inayookolewa kwa mwaka, na kuni hizo hutoka katika msitu uleule unaochuja maji. Asiye na kuni aweke chupa angavu za maji yaliyo maangavu juu ya bati, juani, kwa saa 6. Siku ya mawingu, siku mbili nzima.

Choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani au kwenye chemchemi, na kiwe upande wa chini. Hili sitalijadili na mtu. Shimo la choo lililochimbwa hadi kukuta maji ni kisima cha kipindupindu.

Na mtoto akianza kuharisha, msisubiri. Pakiti ya dawa ya maji ya chumvichumvi ipo zahanati. Ikikosekana, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mpe kidogokidogo kila anapoharisha, endelea kumnyonyesha na kumlisha. Ombeni pia vidonge vya zinki: miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, na nusu yake kwa mtoto aliye chini ya miezi sita. Akiwa na damu kwenye choo, akishindwa kunywa, akilegea au akitapika kila kitu, mleteni hata kama ni usiku.

TULIPOACHANA

Katekista wa kigango cha juu alisema ataanza mafundisho ya Kwaresima kwa kuwapeleka watu kwenye chemchemi yao badala ya kanisani. Alikumbusha kwamba Papa Yohane Paulo II aliandika juu ya mazingira katika ujumbe wake wa Siku ya Amani ya mwaka 1990, na kwamba Papa Fransisko katika barua yake ya mwaka 2015, Laudato Si’, aliyahesabu maji salama kuwa haki ya msingi ya kila mtu. Kwa hiyo, akasema, bwana afya akija kanisani kwangu asiogope, ana ruhusa ya Papa.

Makubaliano yetu yalikuwa madogo. Kila parokia ya juu imepewa parokia mwenzake ya chini kwenye mto uleule. Walimu watabadilishana barua za wanafunzi: wa juu wataandika wamepanda nini kwenye mteremko, wa chini wataandika maji yalikuwaje wiki hiyo. Bwana shamba atakuja kliniki ya watoto siku ya kupima uzito mara moja kwa mwezi, nami nitakwenda kwenye shamba darasa lake. Wakubwa wa koo tatu wamekubali kukaa na vijana walioazimwa mashamba kuzungumzia miti. Bibi wa WAWATA amechaguliwa mweka hazina.

Tutakutana tena mvua za vuli zikianza, safari hii kijijini na siyo mjini, ili tuyaone maji yenyewe yakiteremka. Vigango vinavyotaka kuonyeshwa madumu mawili vimwambie paroko wao, naye atatuletea taarifa. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutajibu barua zenu juu ya kichocho na konokono wa mifereji.